Zidaka za Chini ya Chundwa

Famau alipofika kwenye maji alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza. Watu waliosimama mdomoni mwa kisima walidhani ameangukiwa na jiwe. Dada yake Hayat, muuguzi wa zahanati ya Chundwa, alikuwa amemletea chupa ya chai, na ndiye aliyeinama akamwita.

"Famau, u mzima?"

"Mzima," sauti ikapanda kutoka chini. "Teremsheni ndoo. Mai ni matamu."

Hakuna aliyeamini. Visima vya Chundwa vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na chumvi yake. Watu wa huko waliweza kuonja kikombe cha chai wakakwambia maji yametekwa wapi. Wakati wa kiangazi, majabia ya maji ya mvua yakikauka, walikunywa chumvi hiyo hiyo wakamshukuru Mungu. Sasa ndoo ilipanda, ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyekunywa alimtazama mwenzake. Bwana Mahir, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikunywa mara tatu, akajifuta ndevu, akalia.

Mahali pale palichaguliwa na Kagendo, mtaalamu wa maji kutoka Meru, aliyekuja na mitambo yake ya kupima ardhi akaizungusha mashambani hadi akasema, chimbeni hapa. Alikuwa amepanga chumba kwa Hayat. Siku ile alijaza chupa moja ili ipelekwe Mombasa kupimwa, akawaomba watu wasubiri majibu. Hakuna aliyesubiri. Yeye mwenyewe hakuonja, kwa kuwa tumbo lilikuwa limemsumbua tangu afike kisiwani Pate, na alikuwa akinywa maji ya dukani tu, ya chupa.

Siku za mwanzo muyi wote wa Chundwa ulikuwa kama una harusi. Sabuni ilitoa povu. Wanawake waliosha nywele mchana kutwa. Famau, ambaye maisha yake yote alikuwa mchimba visima vya chumvi, alisimamishwa njiani na watu wazima wakimshika mkono kwa mikono miwili. Mkewe Fahima alimpikia wali wa nazi, akala kidogo, akasema hauna ladha. Fahima akaongeza chumvi. Famau akatia tonge mdomoni, akalitema.

Hayat alianza kuona mambo zahanatini. Mwanamke mjamzito alikuja kupimwa akashindwa kulala juu ya kitanda. Kila akilala aliinuka, akaomba radhi, akalala tena, akainuka. Mzee aliyekuja kwa ajili ya kikohozi alizunguka chumba wakati wote wa maelezo. Shuleni mwalimu aliwaacha watoto wasome wamesimama, maana hakuna aliyeweza kukaa dawatini, na yeye mwenyewe alifundisha huku akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Msikitini wanaume walisimama kabla ya salamu, katikati ya tahiyatu, wakaona haya, wakarudi chini, wakasimama tena. Wavuvi walirudi mapema mikono mitupu. Hawakuweza kuketi chomboni.

Kisha usingizi ukakatika. Watu walianza kutembea juani, saa za adhuhuri, wakati ambao hata mbuzi hutafuta kivuli. Mwanzo walisalimiana wakipishana, wakacheka kidogo kwa aibu. Baadaye walipishana bila kusalimiana. Hayat alikula amesimama. Alijaribu kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, na miguu ikamwasha kwa ndani, kwenye mifupa, hadi akaona heri atembee.

"Bi Hayat, pumzika kidogo," Kagendo alimwambia. "Tangu juzi sijakuona umekaa chini."

"Siwezi. Nitizame hapa mgongoni, kuna kitu."

Kagendo akamfunua kanga. Kati ya mabega palikuwa na ngozi ngumu, ya rangi ya kahawia yenye michirizi ya manjano, upana wa kiganja. Aliigusa kwa kucha ikalia kama kucha kwa kucha.

"Iko kama gamba la kobe," Kagendo alisema polepole.

"La ng'amba, yule kasa wa baharini," Hayat akasema. "Kila ninayempima anayo. Isipokuwa yule mjamzito. Jana alitapika sana, nikamtundikia dripu ya maji ya chumvi, akalala fofofo. Leo asubuhi gamba lake limelainika. Nilidhani ni kwa sababu amepumzika."

Kagendo aliketi kitandani akashika kichwa. Kisha akauliza, "Famau yuko wapi?"

Famau alikuwa kisimani. Siku zote hizo alikuwa akishuka na kupanda, akisema anapanua njia ya maji. Asubuhi ile, kabla hajashuka, alipita kwa dada yake akasimama mlangoni akichezesha vidole vya mguu mchangani, tabia waliyokuwa nayo wote sasa. "Kuna nyumba kule chini," alimwambia. Hayat alimuuliza nyumba gani. Akasema, "Ya watu wakubwa," akaenda zake. Sasa adhuhuri ilikuwa imepita na hajapanda. Mvuvi mmoja, Hamdu, naye alionekana akishuka, hakurudi.

Hayat na Kagendo wakashika njia ya mashambani. Hawakuwa peke yao. Waliokuwa wakitembea ovyo asubuhi sasa walikuwa wakitembea kuzunguka kisima, duara juu ya duara, na mchanga ulikuwa umekanyagwa hadi ukang'aa. Bwana Mahir alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyewazuia. Kagendo akawasha tochi ya simu, akatangulia kwenye ngazi ya chuma.

Chini kabisa, juu kidogo ya maji, palikuwa na tundu ambalo Famau alikuwa amelipanua kwa mtalimbo. Wakapita wameinama. Walipoinuka walikuwa mahali pakubwa kuliko msikiti wa Ijumaa.

Kagendo alimulika dari kwanza. Ilikuwa matumbawe, yenye makombe ndani yake, jiwe lile lile lililojengewa nyumba zote za Pate na za mtaa wa Mkomani kule Amu. Kisha akamulika ukuta, na ukuta ulikuwa kitu kingine: mweusi, laini, hauna kiungo hata kimoja. Aliupapasa kwa muda mrefu.

"Hii ilijengwa kwanza," alisema. "Ilijengwa, halafu bahari ikaja juu yake, matumbawe yakaota, halafu bahari ikarudi nyuma. Bi Hayat, hayo matumbawe ni ya zamani sana. Yalipoota, hapa pwani hapakuwa na mtu. Sijui kama kulikuwa na mtu popote."

"Basi ni nani aliyejenga?"

Kagendo alishusha tochi. Mwanga wa tochi ulikuwa umefika katikati ya sakafu.

Walikuwa wamelala kwa mviringo, vichwa ndani, magoti yamekunjwa hadi kifuani kama watoto tumboni. Mmoja wao angenyooka, angekuwa urefu wa watu wawili na zaidi. Walikuwa na mikono na miguu kama binadamu, lakini mwili mzima ulikuwa gamba la ng'amba, na nyuso zao hazikuwa na mdomo, ila mkunjo mmoja uliofungwa. Mikono yao ilikuwa imenyooshwa, na kwenye ncha za vidole vyao virefu maji yalidondoka, tone baada ya tone, yakaingia kwenye mfereji uliochongwa sakafuni, na mfereji ukaelekea kisimani.

Hayat alisogea kwa aliyekuwa karibu. Akapiga magoti. Miaka mingi ya kazi ilimfanya anyooshe vidole bila kufikiri, akaviweka chini ya taya la kile kiumbe, mahali ambapo mtu hupimwa mapigo. Alingoja. Likaja pigo moja, zito. Kati ya hilo na lililofuata angeweza kusoma Alhamdu akaimaliza.

"Wa hai," alisema.

"Dada."

Sauti ilitoka ukutani. Kagendo akageuza tochi, na hapo ndipo walipoona zidaka.

Kila nyumba ya mawe ya Amu ina zidaka, vijishubaka vya ukutani vya kuwekea sahani za kale na misahafu. Hivi vilikuwa vimepangwa vile vile, safu juu ya safu hadi gizani, ila kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa mtu aliyeketi amekumbatia magoti. Si ukubwa wa wale waliolala. Ukubwa wetu. Famau alikuwa ndani ya kimoja, Hamdu ndani ya kingine kando yake. Famau alikuwa ametulia. Hayat hakuwa amemwona mtu aliyetulia kwa muda mrefu, na moyo wake ukamwonea wivu kabla haujamwogopea.

"Ketini," Famau alisema. "Mmefanyiwa mahali. Tulifanyiwa mahali kabla hatujaumbwa."

"Hawa ni nani, Famau?"

"Hawana jina nilijualo. Walitoka mbali, si kwa bahari. Walijua hapa patakuja kuwa na watu, wakangoja. Wametoa mai yao yote wakatupa sisi, sasa hawawezi kuinuka. Sisi tukiketi, wao watainuka."

"Nawe umekubali?"

Famau alifikiri. "Sikukubali," alisema. "Nimechoka tu, dada."

Kagendo alimshika Hayat mkono akambana. Alikuwa akimulika kiumbe kilichokuwa karibu na kidaka cha Famau. Mguu wake mmoja ulikuwa umenyooka, na mwishoni mwa mguu ule vidole vilikuwa vikicheza, vikikwaruza sakafu, mbele nyuma, mbele nyuma, kama vidole vya Famau asubuhi mchangani. Ule wahaka uliokuwa umemtoka yeye ulikuwa umehamia huko.

Hayat aliangalia na hakukimbia. Alikuwa ameona kidaka kitupu upande wa kulia. Alijua ni chake, kama mtu ajuavyo kitanda chake gizani. Pale magoti yangepumzika. Pale gamba la mgongoni lingekutana na ukuta na kuwasha kukome. Alipiga hatua, akapiga nyingine, akageuka ili aingie kinyumenyume, na Kagendo akamvuta kanga kwa nguvu zote hadi wakaanguka wote wawili sakafuni.

"Niangalie," Kagendo alisema. "Mimi, usiangalie huko. Angalia ukuta wa upande ule, wa baharini."

Upande wa mashariki ukuta ulikuwa umepasuka, na ufa wote ulikuwa mweupe. Zidaka za huko zilikuwa zimeliwa, zimebomoka kama chokaa mbichi. Chini yake alilala mmoja wao, au kilichobaki: kifua kimeingia ndani, gamba limekuwa unga. Kagendo alitambaa akagusa ule weupe akaweka kwenye ulimi.

"Chumvi," alisema. "Bahari inapenya hapa. Hawaiwezi."

Hayat akakumbuka yule mjamzito alivyolala. Mfukoni mwa koti lake la kazi mlikuwa na pakiti za dawa ya kuharisha, chumvi na sukari, ambazo kila muuguzi hutembea nazo. Alipasua moja kwa meno akala ukavu wake. Ilimchoma koo. Kidaka cha kulia kikawa shimo tu kwenye ukuta mweusi.

Walianza na Hamdu, aliyekuwa hajakaa sana. Walimpaka chumvi midomoni, wakamshika kila mmoja kwapa moja, wakavuta. Ngozi ya mgongo ilibaki ukutani. Alipiga mayowe hadi kwenye ngazi, lakini miguu yake ilimbeba.

Hayat akarudi kwa Famau. Alipitisha vidole nyuma ya bega lake kutafuta mwanya kati yake na jiwe. Hapakuwa na mwanya. Alishuka na vidole hadi kiunoni. Uti wa mgongo ulikuwa umeingia ukutani na ukuta umeingia ndani yake, na yeye, aliyewashona watu wengi, alijua kwamba hakuna kisu cha kumtoa hapo akiwa hai. Hata hivyo alimtia chumvi kwenye ulimi. Hakuweza kumwacha bila kufanya hivyo.

Macho ya Famau yakabadilika. Akawa yeye. Na kwa kuwa alikuwa yeye, maumivu yakamfikia, akashika mkono wa dada yake akaukaza hadi mifupa ikalia.

"Hayat. Siwezi kutoka?"

"Huwezi."

Alipumua kwa meno. Karibu yao ule mguu mkubwa uliacha kucheza.

"Basi fungulieni bahari," alisema. "Upesi, nami ningali mimi. Usinikalie hapa."

Kagendo akatangulia kupanda na Hamdu. Hayat alikaa naye kitambo kidogo, paji la uso wake juu ya paji lake. Kisha akampa chumvi yote iliyobaki, akapanda.

Huko juu watu walikuwa wamekizunguka kisima kifua kwa mgongo. Kagendo alikuwa tayari amevuta pampu yake ya dizeli, ile aliyoitumia kupima nguvu ya kisima, na alikuwa akikunjua mpira wake kuelekea mikokoni, ambako maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya juu. Bwana Mahir alisimama mbele yake, ingawa kusimama hakukuwa kusimama. Alipiga hatua kushoto na kulia mahali pamoja.

"Mwataka kutia chumvi kisima hiki?" alisema. "Babu zetu walikufa na chumvi vinywani. Leo Mungu ametupa mai, nanyi mwataka kuyaua. Kwa idhini ya nani?"

Hayat alikuwa amemlaza Hamdu kifudifudi mchangani na alikuwa akimnywesha maji ya bahari kwa kikombe cha plastiki. Hamdu alitapika, akanywa tena. Kisha, mbele ya umati wote, juani, na mgongo wake ukivuja damu, Hamdu akalala usingizi. Akakoroma.

Mzunguko ukapungua. Watu walikuja karibu wakamtazama mtu yule anavyolala. Walimtazama kama wenye njaa wanavyotazama sufuria ya mwenzao. Mwanamke mmoja aliinama akamgusa kope. Bwana Mahir alitazama kuliko wote.

"Famau yuko wapi?" akauliza.

"Yuko ndani," Hayat akasema. "Ni yeye aliyesema tufungue."

Mwenyekiti alisogea pembeni. Kagendo akavuta kamba ya pampu, ikakataa, akavuta tena, ikawaka. Mpira ukavimba, na maji ya bahari yakaanza kumwagika kisimani.

Fahima alifika wakati huo, anakimbia, kilemba cha mtandio kimemtoka. Mtu alikuwa amemwambia njiani. Alipita katikati ya watu hadi kwa wifi yake.

"Amekwisha toka?"

"Hatoki, Fahima."

"Zima."

Hayat alimshika mikono. Fahima alijivuta, akampiga kifuani, akamng'ata kwenye kiganja. "Zima. Yumo ndani, nawe wajua yumo. Zima." Hayat hakumwachia na hakuzima. Waliokuwepo wanasema alikuwa akitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu anayejibu swali lingine.

Kisha ardhi ikaanza kukanyagwa kutoka chini. Hawakusikia kilio. Walisikia miguu, mizito, mingi, ya wale walioinuliwa na chumvi kabla ya wakati wao, ikikimbia chini ya mashamba, ikaenda hadi chini ya shule, ikarudi, ikaenda hadi chini ya msikiti, ikarudi, ikitafuta mlango. Minazi ilitikisika. Kuku waliruka mapaani. Pampu iliendelea. Polepole mbio zikawa mwendo, mwendo ukawa hatua moja moja, na maji yalipofika mdomoni mwa kisima hapakuwa na kitu tena cha kusikia.

Siku zilizofuata muyi mzima ulikunywa maji ya bahari, ukatapika, ukalala. Watu walilala barazani, vichochoroni, juu ya mikeka ya msikiti, na Kagendo, aliyekuwa macho peke yake, aliwafunika watoto wa watu asiowajua majina. Magamba yalibanduka kama magamba ya samaki. Kisima kikajazwa mawe na mchanga hadi juu. Watu wa bara waliokuja kuuliza waliambiwa kwamba kimebomoka na mtu mmoja amefia ndani, nao wakaandika hivyo. Kagendo alirudi kwao Meru. Aliwahi kumpigia Hayat simu, wakazungumza habari za mvua, wakakata.

Shida iliyobaki ilikuwa ya Fahima. Imamu hakujua la kumwambia. Mwili haukuonekana. Wengine walisema maji yalijaa, mtu hawezi kuishi, basi ni mjane na akae eda. Wengine walisema kule chini wale wengine waliishi kabla ya Adamu, nani ajuaye. Fahima hakumsemesha wifi yake muda wote huo. Wakipishana njiani alitazama ukuta.

Mwishowe alikuja zahanatini mwenyewe, asubuhi, wagonjwa walipokuwa wachache. Alisimama mbele ya meza.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nataka jambo moja. Watu wote wanipa wanayoyadhani. Wewe ulimgusa."

Hayat aliweka kalamu chini. "Uliza."

"Ulipopanda ngazi, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa na akili zake. Alikuwa na maumivu."

"Na maji yangemfika kwa muda gani?"

"Kidaka chake kilikuwa cha safu ya chini. Yalimfika mapema, kabla ya ile miguu kuanza kukimbia."

Fahima alishusha pumzi. Akavuta benchi la wagonjwa, akaketi, akakaa hapo kwa muda, mikono mapajani, akitazama nje ambako mtu alikuwa akipita na punda aliyebeba mchanga.

"Alikwambia neno langu?"

Hayat angeweza kubuni neno. "Hakusema," alijibu. "Alisema tufanye upesi."

"Ndivyo alivyo," Fahima alisema. Alijifunga buibui vizuri, akainuka. "Basi nitakaa eda kuanzia leo. Mwambie imamu wewe, mimi sitaki kuelezana na watu. Na watoto wangu hawana wa kuwapeleka chuoni kusoma Kurani."

"Nitakuja kuwachukua."

"Njoo mapema. Yule mdogo huchelewa kuamka siku hizi."

Kesho yake, jua halijakolea, Hayat alibisha hodi kwa Fahima. Watoto walitoka mmoja mmoja na mbao zao za kusomea, mdogo akiwa bado na tongotongo machoni, wakashika njia ya chuoni, naye nyuma yao.